Chai ya saa nne Mji Mkongwe: Shangani au Mkunazini?

Kombo wa Temeke

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Jumamosi ya wiki ijayo tunavuka kwa boti ya saa moja asubuhi kutoka Dar, tuko sita. Mwenye safari ni shangazi yangu anayekaa Muscat. Mara ya mwisho kukanyaga Unguja ilikuwa 1998. Ana miaka 72, magoti yanamsumbua, na amesema wazi kwamba hataki kutembezwa kwenye majumba kabla hajanywa chai ya nyumbani. Chai ya kukaa na kushiba, siyo kikombe na kipande cha keki.

Mpaka tutoke bandarini Malindi nahesabu saa tatu na nusu, mezani saa nne. Nimefikiria sehemu nne: Zanzibar Coffee House pale Mkunazini, Lukmaan kwenye mbuyu, Stone Town Café ya barabara ya Kenyatta, na hoteli mojawapo ya Shangani yenye baraza linalotazama bahari. Bajeti ipo, ila sitaki kulipia mandhari halafu mzee akaondoka na njaa. Waliokula huko karibuni wanisaidie.

Mtoto wa Vuga

Waalaykum salaam. Mie kura yangu Zanzibar Coffee House, na sababu ni kahawa yenyewe. Ni arabika ya Utengule, Mbeya, na ukikaa chini unasikia harufu ya buni kabla hujaagiza. Nyumba ni ya 1885, ilikuwa ya waziri wa Sayyid Barghash. Kama shangazi yako anapenda majumba ya zamani, hapo anayaona huku amekaa kitako. Mayai, mkate na matunda, vyote vinakuja vizuri.

Mawili tu ya kuangalia. Gari haifiki mlangoni, mnashuka barabara kubwa mnaingia kichochoroni. Na paa ni tamu, unaona minara na mabati ya mji mzima, lakini ngazi za nyumba zetu mnazijua: nyembamba, zimesimama wima, hazina huruma na goti. Kaeni chini.

Zuhura

Kwa mgonjwa wa magoti mie ningesema Shangani bila kufikiri mara mbili. Teksi inaingia mpaka barabara ya Kenyatta. Stone Town Café wanatoa kifungua kinywa mchana kutwa, kwa hiyo boti ikichelewa hampotezi kitu. Na hilo la kuchelewa mlifikirie kweli, maana hoteli nyingi huanza kuondoa vyombo kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu, na mkifika saa nne na robo mtakula huku mnatazamwa.

Kwa upande wa bahari, Park Hyatt imo kwenye jengo la Mambo Msiige, lile ambalo wazee husema kuta zake zilichanganywa na mayai. Imefunguliwa 2015. Kukaa pale nje asubuhi, ngalawa zinapita mbele yako, ni raha ambayo sioni kosa kuilipia mara moja. Pigeni simu kabla muulize kama wanapokea wasiolala hapo siku hiyo.

Bi Mkunazini

Mwanangu Kombo, nimesoma yote na naona hakuna aliyegusa penye uzito. Shangazi yako hajasema anataka kahawa nzuri. Amesema chai ya nyumbani. Sasa hiyo chai ina saa zake, na saa nne si saa yake.

Nieleze nilivyolelewa. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua mlangoni. Mchele unarowekwa tangu jioni, unasagwa na tui, hiliki na hamira, unaachwa uumuke. Karai inapanda motoni kabla ya adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu wateja wameshajipanga: watoto wa skuli, wachukuzi, wanaokwenda sokoni Darajani. Saa mbili na nusu bakuli tupu. Ukija saa nne unakuta karai limeoshwa. Mbaazi za nazi hivyo hivyo, maandazi hivyo hivyo. Supu na chapati ndizo zinazostahimili kidogo. Ndiyo maana mgeni anashuka boti akiwa na hamu, anazunguka vichochoro vyote, anaishia kula mkate wa slesi na siagi ya kopo katika mji huu huu wa nazi na hiliki. Inaniuma kila nikiliona.

Kwa hiyo usilinganishe mikahawa kwa viti na mandhari. Linganisha kwa hili: saa nne, nani bado ana chakula chetu?

Kwa kigezo hicho Lukmaan inashinda. Iko kwa chini, haina ngazi za kumtesa mtu, kivuli cha mbuyu kipo, na unakwenda kaunta unaonyesha kwa kidole: chapati, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, muhogo. Hapo shangazi ataona sahani, si karatasi ya menyu. Tena kutoka barabara ya Mkapa (sie wa zamani tunaita Creek Road) teksi inawasogeza karibu kabisa. Kasoro yake ni kelele na foleni, na kuelekea adhuhuri vyakula vya mchana vinaanza kutoka na watu wanajaa. Fikeni saa nne kasoro, mtapata meza ya sita.

Nahodha

Bi Mkunazini umesema haki. Naongeza moja: baada ya kula mpelekeni Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe, akanywe kahawa ya dele (birika la kahawa). Inachemka juu ya mkaa, chungu, kwenye finjani, na kipande cha kashata pembeni. Ni shilingi mia chache tu. Hakuna mashine ya espreso inayokupa ladha ile.

Zuhura

Nahodha, kahawa ni nzuri, nakubali. Lakini lile ni baraza la wanaume. Mimi ni mzaliwa wa hapa, napita kila siku, sijakaa pale hata mara moja na hakuna aliyewahi kuniambia karibu. Mama wa miaka 72 mwenye buibui lake utamkalisha kwenye kibaraza cha saruji kisicho na mgongo, katikati ya wanaume wanaobishana mpira? Mnunulieni muuzaji amletee alipo. Wauza kahawa wanaozunguka wapo, unamwita tu.

Nahodha

Umenikosoa kwa haki, dada Zuhura. Sikulifikiria. Basi muuzaji aitwe.

Mtoto wa Vuga

Bi Mkunazini, naheshimu, ila nami nina neno. Si kila anayerudi baada ya miaka mingi anataka chakula cha kaunta. Bibi yangu alirudi kutoka London, tukampeleka sehemu ya kienyeji (jina nalihifadhi), maharage yalikuwa ya jana yamepashwa na chai imeshapoa. Alinyamaza, akala mbili tatu. Siku ya pili tukamkalisha mahali patulivu penye feni, akapewa birika lake, akaanza kusimulia habari za Mkunazini ya utoto wake saa mbili nzima. Utulivu nao ni chakula cha mzee.

Bi Mkunazini

Hilo la utulivu nalipokea, mwanangu. Ndiyo maana nina pendekezo la tatu ambalo silo la mkahawa.

Kombo, kitu gani shangazi alikuwa akikitaja? Mkate wa mofa? Wa kumimina? Vibibi? Niambie.

Kombo wa Temeke

Mofa. Kila tukizungumza kwenye simu anataja mofa. Anasema Muscat amejaribu kwa tanuri la gesi na unga wa mtama wa dukani, haitoki.

Bi Mkunazini

Haitoki kwa sababu mofa inataka ukuta wa udongo. Donge la mtama linabandikwa ndani ya tanuri lililokwisha kupata moto, linaiva kwa joto la ukuta wenyewe, na ule moshi kidogo unaoingia ndio ladha. Na mofa ya asubuhi ni adimu siku hizi. Wachomaji wengi huianza jioni, na zaidi Ramadhani. Mkahawa hata mmoja katika hiyo orodha yako sijaona ukiiweka mezani saa nne.

Lakini inaagizwa. Yupo mama Ng'ambo huku ana tanuri, ukimwambia siku mbili kabla anachoma asubuhi. Nitakuunganisha naye kwa ujumbe wa faragha. Mofa ishirini, na mchuzi wa samaki wa nazi kwenye sufuria yake. Mnaweza kula kwake kwenye mkeka, au mkachukua.

Mpemba wa Mjini

Nami nitie langu dogo. Shangazi anatumia pasi ya Oman? Kama ndiyo, mlipieni mapema ile bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, ipo tangu Oktoba 2024 na inalipiwa mtandaoni. Mwezi uliopita nilimpokea ndugu yangu ambaye hakujua, tukakaa bandarini mpaka saa nne na nusu na chai yenyewe ikawa chakula cha mchana. Foleni ya wageni na foleni yenu nyinyi wa vitambulisho ni mbili tofauti, mmoja wenu akae naye.

Na halua msinunue ile ya kwenye vikopo vya watalii. Ulizeni ya Pemba.

Kijana wa Kiponda

Forodhani je? Nimeona watu wengi wanaisifia mtandaoni na ipo hatua chache kutoka Shangani.

Zuhura

Forodhani ni ya jioni, mdogo wangu. Meza za chakula zinapangwa jua likishuka. Asubuhi ni bustani, nzuri ya kukaa na kupunga upepo, na ni tambarare kwa mwenye magoti. Urojo nao uacheni mpaka alasiri, rudini Vuga na njaa mpya.

Kombo, kama mtakula mofa kwa huyo mama, basi Shangani iwe ya baadaye: kikombe cha pili mkitazama bahari. Si lazima sehemu moja ibebe kila kitu.

Kombo wa Temeke

Nimesoma yote, nawashukuru sana. Uamuzi: mofa kwa huyo mama, na nimeshampigia. Lukmaan ni akiba yetu kama lolote litatokea. Bima ya shangazi imelipwa leo. Nitarudi na habari.

Kombo wa Temeke

Nimerudi, siku tisa baadaye.

Boti ilifika saa tatu kasoro dakika chache, bahari shwari. Saa tatu na dakika ishirini tulikuwa ndani ya teksi. Mama yule alikuwa ametandika mkeka uani, na kwa shangazi ameweka kiti cha mbao chenye mto. Hakuna aliyemwambia habari za magoti, labda Bi Mkunazini.

Mofa zilikuja kwenye ungo, zimefunikwa kanga. Shangazi alichukua moja, hakuila. Aliigeuza akatazama chini, pale penye alama ya ukuta wa tanuri, akainusa, akauliza udongo wa tanuri umetolewa wapi. Wakaanza kuzungumza wawili wao: nani alikuwa akichoma Mchangani, nani Malindi, yupi amekufa, yupi watoto wake wapo. Sisi watano tulikula tukanyamaza. Mchuzi ulikuwa wa changu, tui zito, ndimu imekolea. Chai ya tangawizi ilijazwa mara tatu.

Saa tano na nusu tukaenda Shangani kama Zuhura alivyosema. Kahawa ya baraza la bahari ilikuwa nzuri na bei yake ndefu. Shangazi alikunywa nusu. Lukmaan tulipita mchana kununua chapati za kurudi nazo, na niseme ukweli kwa wengine watakaosoma hapa bila kuwa na mtu wa kuwaunganisha na tanuri: nendeni hapo, saa nne kasoro, mkae upande wa mbuyu. Coffee House nitakwenda safari nyingine na mke wangu, tupande mpaka paani.

Bi Mkunazini, shangazi anauliza kama unga wa mtama wa huyo mama unaweza kusafirishwa. Amebeba kilo mbili kwenye begi la mkononi, na kipande cha udongo wa tanuri kilichovunjika pembeni, amekifunga kwenye leso.