Kiingilio cha kukanyaga mchanga wa Ziwa Victoria: ni halali?

Mwana Kirumba
Wadau, hili linaniuma. Jumapili tulitoka na rafiki zangu wa tangu sekondari kwenda ziwani hapa Mwanza: sato wetu, jiko letu, mkaa, mpira. Sehemu ya kwanza, getini kiingilio kila kichwa, na chakula cha nje marufuku. Ya pili kiingilio hakuna, ila ukitandika mkeka tu mhudumu kashafika: nunua soda au ondoka. Tukaishia mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, tukachomea samaki wetu pembeni ya akina mama wanaoanika dagaa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kuta zinazoshuka mpaka majini zilipitaje?

Mshika Kasia
Kiingilio ni halali. Choo anasafisha nani? Mlinzi analipwa na nani? Nenda kwenye fukwe za bure Jumatatu asubuhi ukaone chupa na pampasi. Halafu hizo mita 60, kifungu cha 57 kama nakumbuka vizuri, ziliwekwa kulinda mazingira ya ukingo, si kukugawia pa kutandika mkeka. Haki ya kupita katafute sheria nyingine.

Binti Mzizima
Poleni. Huku Dar, Coco Beach unaingia bure, unakula mihogo yako, unarudi kwenu. Ila jamani, ugomvi wote huu kwa ajili ya bwawa? Bichi ni ya bahari. Hapo mtavuna kichocho tu.

Mwana Kirumba
BWAWA? Dada, ziwa hili lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Chukua Rwanda, chukua Burundi, zitumbukize zote mbili na nafasi inabaki. Ukisimama Igombe ng'ambo huioni.

Fundi Mitumbwi
Na nyie mkitoka baharini mnakimbilia bomba, chumvi imewakauka mwilini. Sisi maji tunayoogelea ndiyo wavuvi wanakorogea ugali. Njoo jioni usimame mbele ya mawe ya Bismarck, jua linazama nyuma yake, halafu rudia hilo neno.

Binti Mzizima
Mmejibu la bwawa. La kichocho mmeliruka.

Mama Sengerema
Wanangu, dada kasema kweli. Nimekaa maabara za zahanati kanda hii miaka mingi. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na palipo na shughuli nyingi za watu kama mwaloni ndipo pabaya zaidi. Penye mawe na mawimbi hatari hupungua, haiishi. Kidudu kinapenya ngozi; huna haja ya kuyanywa maji. Tena cha ziwani ni cha tumbo. Kile cha mkojo wa damu zaidi ni cha majaruba ya mpunga na malambo huko ndani. Kwa hiyo kijana anaangalia mkojo, anauona mweupe, anajiona mzima, kumbe ini linaharibika taratibu. Dawa ipo, praziquantel, dozi inategemea uzito au urefu wako. Lakini ukiimeza siku ileile uliyotoka kuogelea hujafanya kitu, wadudu wachanga haiwaui vizuri. Kapimeni baada ya wiki kadhaa.

Kijana wa Nyegezi
Shikamoo Mama. Umejibu swali la mleta mada bila kukusudia. Mchanga safi na mawe viko nyuma ya kuta za wenye hela, sisi tunasukumiwa kwenye majani na konokono.

Mshika Kasia
Wenye hela gani? Nilianza na kreti za soda chini ya mwembe. Maji yalipopanda 2020 yalimeza banda langu lote, 2024 yakarudi tena kwa nilichojenga upya. Hakuna aliyenichangia hata msumari. Leo nikiweka geti naitwa mnyang'anyi!

Fundi Mitumbwi
Kama maji yalilifikia banda lako, basi lilikuwa ndani ya mita 60. Umejishtaki mwenyewe, mkuu.

Mshika Kasia
Na mtumbwi wako unaojaza vijana kila sikukuu kuwapeleka kisiwani bila boya hata moja, huo uko ndani ya sheria ipi? Hatujajifunza kwa meli ya MV Bukoba iliyozama 1996? Kwa kivuko cha MV Nyerere 2018 pale Ukara?

Fundi Mitumbwi
Koma hapo. Shangazi yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba. Usiwaingize marehemu kwenye ugomvi wa soda. Maboya ninayo, abiria wanakataa kuvaa eti yanaharibu picha.

Mama Sengerema
Basi usiondoe mtumbwi mpaka wavae. Abiria akikataa, ashuke. Na niwaulize nyie mnaogombania ufukwe, wangapi mnajua kuogelea?

Mwana Kirumba
Kundi letu anajua mmoja, aliyekulia Ukerewe. Wengine tunaishia majini kiunoni.

Binti Mzizima
Mtu amezaliwa hatua chache kutoka ziwani na hajui kuogelea? Hapo siwacheki, naogopa.

Kijana wa Nyegezi
Tungejifunzia wapi, dada? Getini, au kwenye konokono? Manispaa ya Ilemela na Jiji watenge kipande kimoja kimoja chenye mchanga, choo cha kulipia, na mtu mmoja wa kuokoa wanaozama. Hicho kiingilio nitakilipa bila kunung'unika, mradi risiti iwe ya halmashauri.

Mshika Kasia
Halmashauri ikitenga, miezi sita choo kimeziba.

Mama Sengerema
Mwanangu, wewe una mchanga na una mlinzi. Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajafika, watoto wa mtaa waje wafundishwe kuogelea hapo kwako. Kwanza tutapima kama konokono wapo.

Mshika Kasia
Mama, wewe nakuheshimu. Waje Jumamosi, saa moja mpaka saa tatu, na Fundi alete maboya yake. Geti halitoki.