Tallinn siku moja: ile nyumba yenye kichwa cha mtu mweusi mlangoni ni ya nini?

MamaWawili
Wakuu habarini. Niko Helsinki mwaka wa tatu huu na sijawahi kuvuka bahari kwenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakati meli ni kama masaa mawili tu. Jumamosi naenda na wanangu, tunarudi usiku. Mji wa kale naambiwa unazungukika kwa miguu ila kuna kitu kinanisumbua, kwenye picha nimeona nyumba mtaa wa Pikk ina kichwa cha mtu mweusi kimechongwa mlangoni. Wanangu lazima wataniuliza. Ni mtumwa? Ni tusi? Nisije nikawadanganya.

bahari_baridi
Dada karibu, hiyo ni Nyumba ya Vichwa Vyeusi na yule sio mtumwa. Zamani mji ukiitwa Reval ulikuwa kwenye Hansa, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara wa Kijerumani, chumvi inaletwa na meli kutoka magharibi, nta na manyoya yanatoka Urusi upande wa Novgorod. Sasa wafanyabiashara vijana ambao bado makapera walikuwa na chama chao, ndicho hicho cha Vichwa Vyeusi, ukioa unahamia chama cha wakubwa, jengo la hao wakubwa la 1410 liko hapo hapo Pikk siku hizi ni makumbusho. Makapera walimchukua Mtakatifu Maurice awe msimamizi wao, na huyo husimuliwa kuwa askari Mkristo kutoka Thebes, Misri, Wajerumani wakawa wanamchora mweusi. Kwa hiyo ni mtakatifu wao wamemweka kwenye nembo kwa heshima. Waambie watoto hivyo hivyo.

Mpenda_Ramani
Naongezea kitu ambacho mimi kilinigusa sana. Mwafrika wa kweli aliwahi kushika madaraka pale. Abram Gannibal, alichukuliwa mtoto Afrika akapelekwa Istanbul, kutoka huko akafika kwa Peter Mkuu wa Urusi, akabatizwa Vilnius 1705, akasomea uinjinia wa kijeshi Ufaransa. Mwaka 1742 Malkia Elizabeth, binti wa Peter, akamfanya kamanda mkuu wa Reval, akakaa kwenye cheo hicho mpaka 1752, yaani miaka kumi ngome na kuta zote zile ziko mikononi mwake. Pushkin, yule mshairi mkubwa wa Warusi, ni kitukuu chake. Alizaliwa wapi hasa watafiti bado wanabishana, wengine wanasema Eritrea au Ethiopia, wengine Logone upande wa Cameroon. Ukipita chini ya kuta wasimulie wanao habari zake, wangu walisimama kusikiliza barabarani na baridi ile.

bahari_baridi
Asante mkuu, hiyo ya ubatizo Vilnius sikuwa nayo.

Dada, mengine: jengo la baraza la mji lilimalizika 1404, na kwenye uwanja huo huo kuna duka la dawa linalotajwa kwenye maandishi tangu 1422 na bado linauza dawa. Halafu usiache kanisa la Niguliste. Liliungua mabomu ya Wasovieti yalipopiga mji Machi 1944, likajengwa upya, leo ni makumbusho, na ndani kuna mchoro wa Bernt Notke, papa, mfalme na malkia wanachezeshwa ngoma na mifupa. Nilikaa mbele yake muda mrefu sana. Juu kwenye kilima cha Toompea fika mnara wa Pikk Hermann, mnyororo wa watu wa Agosti 23, 1989 ulianzia pale, wakashikana mikono hadi Riga na Vilnius kudai uhuru wao kutoka kwa Wasovieti.

MamaWawili
Jamani asanteni, nimesoma mara mbili. Naanza na ule mlango, kisha Niguliste. Kuta zenyewe unaruhusiwa kupanda?

Mpenda_Ramani
Ndio, mnara wa Hellemann, unalipa kiingilio unatembea juu ya ukuta. Ngazi ni kali na nyembamba, mdogo mshike mkono.