Viwanja tunajengewa, waongoza ndege tunawaachia nchi za Ghuba. Mpaka lini?

Asalaam alaykum wadau.

Nina hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Jana usiku mdogo wangu kapiga simu kutoka Ghuba, kasaini mkataba mwengine wa miaka mitatu. Mama hakusema kitu, akampa baba simu. Mimi nikatoka nje.

Mdogo wangu ni mwongoza ndege. Kasoma skuli hapa hapa Chake, akaenda Dar kusomea kazi, kisha akakaa miaka sita kwenye mnara wa kiwanja kimoja cha nchi hii, sikitaji. Wengi wanadhani mwongoza ndege ni yule anayepunga vibao pale chini ndege inapoegeshwa. Siye. Huyu yuko juu mnarani, ndiye anayemwambia rubani paa, subiri, shuka hadi futi kadhaa, mbele yako kuna mwenzako. Mpemba mwenzangu, ile Caravan unayopanda kiwanja chetu cha Wawi kwenda Unguja ni kindege cha watu kumi na kitu. Ukifika Kisauni, kiwanja cha Unguja, msimu wa watalii unakuta majitu makubwa kutoka Ulaya nayo yanataka kutua, na upepo wanaouacha nyuma yao peke yake unatosha kukipindua kindege chako. Anayewatenganisha ni binadamu, kakaa kwenye kiti, anakumbuka nani yuko wapi. Na binadamu anachoka.

Mara ya mwisho kuja nyumbani ilikuwa Idi. Mama kamtilia uji, kaupokea, akalala na kikombe mkononi. Uji ukammwagikia mapajani, hakuamka. Baadaye kidogo ndege ikapita juu ya paa, akafumbua macho, akatazama saa ya ukutani, akalala tena. Alikuwa katoka kufanya usiku tatu mfululizo. Mmoja kaacha kazi, mmoja anaumwa, na pengo la yule aliyeacha lilikuwa halijazibwa tangu mwaka uliopita.

Aliandika barua. Hakuomba makubwa: mtu mmoja wa ziada kwenye zamu, na daraja lake lipandishwe kama wenzake. Jibu lilikuwa lile lile, "suala lako linashughulikiwa". Wale wa Ghuba walimjibu ndani ya wiki mbili, na nyumba juu yake.

Wakati huo huo mtoto wa jirani yetu, kamaliza kidato cha sita na PCM yake safi (fizikia, kemia na hesabu), mwaka wa tatu huu anasubiri tangazo la kazi hiyo hiyo. Kila akiuliza anaambiwa kibali cha ajira hakijatoka. Watu hawatoshi, na watu wapo, na katikati yao kuna karatasi moja haijasainiwa!

Na msinambie "wataajiri wengine". Kazi hii huokoti mtu leo ukamkabidhi maikrofoni kesho. Leseni haitolewi chini ya miaka 21. Lazima apasi vipimo vya afya, apasi Kiingereza cha redio angalau daraja la 4 kwa kipimo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, amalize chuo. Hata akimaliza chuo bado haongozi peke yake: anakaa ubavuni kwa mwenye leseni, kwenye kituo kile kile, mpaka athibitishwe. Akihamishiwa kituo chengine anajifunza upya njia na vizuizi vya pale. Sasa nani anayemfundisha? Ni yule yule aliyelala na uji mkononi. Akiondoka mmoja kama yeye, mwalimu naye kaondoka.

Ndiyo maana nataka SHERIA, sitaki tena ahadi. Na tusidanganyane kwamba tulipeleke Chukwani kwa Baraza la Wawakilishi, usafiri wa anga ni jambo la Muungano, linatungiwa sheria Bungeni Dodoma. Iandikwe humo kila mnara uwe na watu wangapi, na pengo lizibwe kabla ya muda fulani bila kusubiri kibali cha ajira cha jumla. Iandikwe idadi ya wanafunzi wa kusomeshwa kila mwaka, na Unguja na Pemba zipate nafasi zao. Saa za kupumzika ziwe amri. Na maslahi yawe ya kumfanya mtu akatae simu ya Ghuba. Hapa ndipo penye fedha, na hapa ndipo watakapopiga chenga.

Marekani mwaka 1981 walifukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa sababu ya mgomo, wakahangaika miaka kujaza viti. Mei 2024 wamepitisha sheria inayoilazimisha mamlaka yao ya anga, FAA, kuajiri kila mwaka hadi 2028 kwa kadiri chuo chao kinavyoweza kubeba. Wao, na utajiri wao wote, wameona bila kulazimishwa na sheria haifanyiki. Na Ulaya, Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71. Mnajua zamuni alikuwepo nani? Mtu mmoja, anahudumia meza mbili, mwenzake kaenda kupumzika.

Sisi tunaijua bahari. Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilijazwa kupita kiasi ikaja kwetu, ikazama karibu na Nungwi. Kijijini kwetu kuna nyumba mpaka leo hawaitaji meli ile. Tume iliundwa baada ya kuzika. Sitaki tume nyengine.

Wabunge wa Pemba, mnasoma humu, tunajua. Hoja binafsi inaruhusiwa. Nani kati yenu anaipeleka?