Tupeane uzoefu: ulipojifanya fundi wa kuchanganya jini, kile kinywaji, nyumbani, yalikupata yapi?

Mama Pacha, Kawempe
Jana natafuta mwiko kabatini, mkono ukagusa lile kopo la chuma la kutikisia vinywaji. Nikacheka peke yangu. Mnakumbuka baa zetu hapa Uganda zilivyofungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa Januari 2022? Kila sebule iligeuka baa. Nikaalika majirani watatu, saa nane mchana ili kafyu isitukute. Jini ipo, toniki ipo, ndimu nimezikata duara kama za kwenye picha. Nikatoa barafu kwenye friza. Jirani mmoja akapiga funda, akanyamaza. Akapiga la pili. "Nyabo (yaani bibie), mbona hii ina ladha ya ziwa?" Kumbe friza hiyo hiyo ina kilo mbili za mukene, dagaa wa ziwani, ambao haukufungwa vizuri, barafu imevuta harufu wiki nzima. Mume wangu alimaliza glasi yake kwa heshima ya ndoa tu. Haya, leteni zenu.

Wa Busia
Ladha ya ziwa! 😂 Nimeanguka.

Afande Mstaafu
Barafu hufungwa kwenye mfuko wake. Na ijae glasi. Watu wanaionea choyo wakidhani inazimua pombe, kumbe vipande viwili ndivyo vinavyoyeyuka upesi na kukuachia maji maji. Vikiwa vingi vinapoozana. Jini kipimo kimoja, toniki vitatu. Nilifundishwa na mpishi wa mesi ya jeshi, sibishani na mtu.

Katwe Kavu
Toniki vitatu? Hiyo soda ya watoto. Nusu kwa nusu.

Afande Mstaafu
Ndiyo maana huwa unarudishwa nyumbani umebebwa.

Binti Arua
Mimi liliniponza neno lenyewe. Mama mwenye nyumba, mtu wa swala tano, yuko sebuleni anasubiri kodi. Mdogo wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Dada, jini imebaki?" Nami bila kufikiri: "Imebaki nusu, iko kwenye friji!" Mama akasimama, tasbihi mkononi, akauliza taratibu, "Na nusu nyingine imekwenda wapi?" Kodi alikuja kuichukua mwanawe mwezi mzima uliofuata.

Mzee Mbidde
Mnasema jini, jini, na wote mnakunywa Uganda Waragi. Waragi ni waragi.

Katwe Kavu
Mzee, ya chupa ni jini. Waragi ni ile ya bibi yako.

Mzee Mbidde
Mwache bibi yangu. Sheria ya Enguli ya 1965 ndiyo iliyowataka wapikaji wawe na leseni na wauze enguli yao, ile pombe kali ya kienyeji, kiwandani. Kiwanda kikaisafisha, kikaipa chupa na jina. Mama yake ni enguli, mpende msipende.

Wa Busia
Mtoto akisoma ng'ambo bado ni wa kijijini 😂

Fundi Simu, Kisoro
Mnacheka. Ngoja niwape yangu.

Ilikuwa Desemba, mahafali ya mdogo wangu. Pesa za chupa hazikutosha, rafiki akasema kuna mtu anauza jini "ya kiwandani" kwa dumu la lita 20. Haina lebo. Mimi mjanja, nikaichuja kwa kitambaa, nikatia maganda ya limau, matango, majani ya mnanaa, nikaijaza kwenye chupa tupu nilizoosha. Wageni wakasifu. Mjomba ndiye aliyesifu zaidi, na ndiye aliyekunywa zaidi. Akalala salama.

Kesho yake saa sita mchana akatoka nje akauliza, "Leo ukungu hautaisha?" Jua linawaka! Akarudi ndani anapapasa ukuta. Akaanza kutapika, anahema kama aliyepanda mlima. Tulimpakia kwenye boda, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kinanigonga kidevu njia nzima.

Daktari akauliza kanywa nini. Nikasema bia. Nilidanganya, jamani, kwa aibu. Muuguzi akanivuta pembeni: "Kijana, ukiniambia bia, atatibiwa bia." Ndipo nikasema.

Alipona. Ila ukikaa mbele yake hakuoni katikati, anakuona kwa kugeuza shingo. Hajawahi kuniuliza lile dumu nililitoa wapi.

Mama Pacha, Kawempe
Mungu wangu. Pole sana kaka.

Katwe Kavu
Pole. Lakini ungemimina kwenye kijiko ukawasha. Moto wa buluu, salama.

Sista wa Zamu
HAPANA. Methanoli, ile pombe ya sumu, nayo inawaka, na moto wake mchana karibu hauonekani kabisa. Kijiko hakikwambii kitu. Haina rangi, na limau haliiondoi. Ini ndilo linaloigeuza asidi inayokula macho, ndiyo maana mtu analala vizuri na kuamka kipofu. Watu wa Kabale wanaujua mwaka 2010, walizika makumi. Ukiona ukungu, hospitali saa hiyo hiyo, na useme ukweli.

Wa Busia
Kwetu wanampa maziwa.

Sista wa Zamu
Maziwa mpe paka.

Mzee Mbidde
Ya bibi yangu haikuwahi kumpofusha mtu.

Binti Arua
Mzee, leo pumzika.

Afande Mstaafu
Fundi, siku ukiwa tayari mwambie mjomba mwenyewe. Pengine anangoja.

Fundi Simu, Kisoro
Nitajaribu Pasaka.

Wa Busia
Basi nipeni kitu chepesi, shemeji anakuja Jumamosi.

Binti Arua
Juisi ya limau, sukari uliyoyeyusha kwa maji moto ikapoa, jini, barafu, tikisa, halafu jazia soda ya maji. Soda usiitikise! Mimi nilitikisa, kifuniko kikagonga dari.

Katwe Kavu
Au nanasi la Kayunga na tangawizi. Limau ni la kikohozi.

Afande Mstaafu
Mama Pacha, bado nina swali. Ule mukene uliishia wapi?

Mama Pacha, Kawempe
Niliukaanga jioni ile ile. Aliyelalamika ziwa ndiye aliyeomba wa kufungiwa.