Naomba ushauri: nimpikie nini jirani yangu Mjaini?

Hamjambo wenzangu. Nakaa Mombasa, na jirani yangu ni mama wa Kihindi wa dini ya Jaini. Alinifaa sana nilipojifungua, sasa nataka kumwalika chakula. Kumbe si kuacha nyama, samaki na mayai tu! Viazi, karoti, vitunguu na saumu pia hali, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vya udongoni. Wanaita ahimsa, kutodhuru chenye uhai. Juzi nilimwona akiwasogeza sisimizi kwa ncha ya kitambaa, taratibu, ndipo akafagia kizingiti. Niliguswa mno.

Na lazima amalize kula kabla jua halijatua. Kwenye Paryushan, siku zao 8 za ibada, alifunga kwa maji ya kuchemsha tu. Siku ya mwisho akaja mlangoni kuniomba msamaha, "Micchami Dukkadam", na hajawahi kunikosea.

Nimewaza mbaazi za nazi na mahamri, saa kumi jioni. Je, hamira anakula? Mbaazi bila kitunguu nizikoleze na nini? Na sufuria niliyopikia nyama, nikiisugua inatosha, au ninunue mpya? Mliowahi kuishi nao nielekezeni, tafadhali.