Kama tumeokolewa kwa neema, mbona kila wiki tunaungama upya?

Mwana wa Kamachumu:
Wadau, naomba tujadili kwa upole. Nimekulia kwenye fellowship za uamsho, zile za kusimama mbele ya ndugu na "kutembea nuruni". Umesengenya, unasema. Umemnunia mkeo siku nzima, unasema. Lakini Waefeso 2:8-9 iko wazi: kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Sasa huku kujikagua kila wiki ni tunda la neema, au tumeirudisha sheria kwa mlango wa uani?

Mama Mchele:
Mimi sijasomea teolojia, nina duka. Kuna mlokole alinikopa magunia mawili kabla ya Pasaka. Akiniona anavuka barabara, ila Jumapili namsikia kwenye spika anashuhudia damu ilivyomwosha. Basi iguse na daftari langu. Nyie watu wa neema ndio wagumu kulipa kuliko wote.

Mtumishi Imara:
Mama, usiwahukumu walokole wote kwa mtu mmoja. Walevi wangapi unawadai hapo dukani? Mbona hao huwasemi?

Mama Mchele:
Mlevi huniambia "mama, leo sina". Huyu ananiambia "pokea kwa imani".

Kijiwe cha Neno:
😂 Tumsaidie mleta mada jamani. Paulo alishaulizwa hilo. Warumi 6: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha! Na Tito 2:11-12 inasema neema hiyohiyo yatufundisha kukataa ubaya. Anayekuokoa ndiye anayekufunza, hakuna ugomvi hapo. Hata Walutheri na Wakatoliki walishasaini tamko la pamoja kule Augsburg mwaka 1999: kuhesabiwa haki ni kwa neema, matendo mema ni matunda yake.

Mtumishi Imara:
Augsburg imeingiaje hapa? Tumeitwa wagumu kulipa, mnapita kimya kama hamjasoma.

Mzee wa Alfajiri:
Wanangu, deni si jambo geni kwenye uamsho. Uganda walitokea Bazukufu, kundi la uamsho la Yona Mondo, wakafundisha kwamba aliyeokoka hapaswi kuwa na deni lolote. Ndugu wengine wakawaambia mmerudi kwenye sheria. Lakini wale wa mwanzo hawakuishia kuungama kwa mdomo. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba, hata kama ni ng'ombe, tena anakupelekea mwenyewe. Walikuwa watu wa msimamo. Vijana wa chuo cha teolojia cha Mukono, hukohuko Uganda, walifukuzwa mwaka 1940 kwa sababu ya kusali alfajiri tu.

Kijiwe cha Neno:
Ni 1941, mzee wangu. Walikuwa 26, William Nagenda akiwemo. Na haikuwa kusali tu, walikuwa wanawakemea wenzao na mafundisho ya chuo pia.

Mzee wa Alfajiri:
Kukemea dhambi nako siku hizi ni kosa?

Binti Sayuni:
Shida ya wazee wetu ndiyo hiyo, kukemea kwanza. Zakayo hakuambiwa "lipa madeni ndipo nije kwako". Yesu aliingia nyumbani, kurudisha mara nne kukafuata.

Mzee wa Alfajiri:
Rudia Luka 19, binti. Mstari wa 8 Zakayo anaahidi kurudisha. Wa 9 ndipo Yesu anasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Kipi kimetangulia?

Binti Sayuni:
Na wa 5 kaufuta nani? "Leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Mnaanzia mnapopapenda.

Mzee wa Alfajiri:
Chunga ulimi. Nimeanza kushuhudia mama yako hajaolewa.

Binti Sayuni:
Shikamoo mzee. Mstari wa 5 bado upo.

Mama Mchele:
Mara nne sitaki. Nataka yangu tu.

Mwana wa Kamachumu:
Jamani, mimi niliuliza habari ya kuungama.

Kijiwe cha Neno:
Ndiyo tunayoijadili, ndugu. Fellowship nyingi siku hizi utasikia "nilimnunia mke wangu", kila mtu anaitikia Tukutendereza, ule wimbo wa uamsho, mnakaa. Hakuna anayesimama kutaja magunia, maana hayo ukiyataja mwenyewe anakuja kuyachukua. Kwangu, hapo si neema wala sheria, ni mazoea.

Mtumishi Imara:
Kwa hiyo machozi ya watu ni maigizo? Una kiburi cha kusoma wewe.

Kijiwe cha Neno:
Sikutaja machozi, nimetaja magunia.

Mtumishi Imara:
Mama Mchele, hivi lipa namba yako ni ipi? Si kwamba ni mimi.

Mama Mchele:
Kama si wewe nikupe ya nini? Jina liko kwenye daftari, ukurasa umekunjwa.

Mwana wa Kamachumu:
Naomba turudi kwenye Waefeso.

Binti Sayuni:
Ngoja kwanza, mtumishi anaandika.