Kurefusha mnara wa televisheni kwa kibali cha "ukarabati": manispaa imelala au imelazwa?

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuandika kwa utaratibu ili asitokee mtu wa kusema kwamba wakazi wa mtaa wetu ni watu wa kelele tu. Jambo lenyewe ni hili: kampuni inayorusha matangazo ya televisheni ya dijitali inataka kuurefusha mnara wake uliomo katikati ya makazi yetu, kutoka mita 42 hadi mita 70, na kuufunga antena mpya zilizo nzito kuliko zilizopo, lakini maombi iliyoyapeleka manispaa yanasema kwamba kinachokusudiwa ni "ukarabati wa mnara uliopo". Manispaa imeyapokea hivyo hivyo. Kwa mwendo huu kibali kitatoka bila mhandisi yeyote wa serikali kuutazama msingi na bila jirani hata mmoja kuulizwa kwa dhati. Sitaitaja kampuni wala manispaa, kwa kuwa malalamiko yetu ya maandishi yapo mezani kwao na sitaki kuwapa kisingizio cha kuyaweka kando.

Kabla hamjaniambia kwamba tunapinga maendeleo, niseme wazi kwamba mnara huo tunauhitaji. Tangu analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine kufuata, nasi tulinunua ving'amuzi kama Watanzania wengine, na ndugu zetu wanaoishi upande wa pili wa kilima ndio wanaoumia zaidi. Enzi za analojia, mawimbi yakidhoofika ulipata chenga, lakini taarifa ya habari uliisikia hadi mwisho. Dijitali haina huruma hiyo: picha ni safi kabisa, kisha inaganda vipande vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi. Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na kilima huyakinga, kwa hiyo antena ikipanda juu, watu wengi zaidi hufikiwa. Kwenye ardhi tambarare mnara wa mita 42 hufika kilomita 27 hivi kabla mawimbi hayajazuiwa na mviringo wa dunia, na wa mita 70 hufika kilomita 34. Kampuni ina sababu nzuri ya kutaka kupanda. Ndiyo maana inanishangaza kwamba haikuthubutu kuyaandika hayo kwenye maombi yake.

Ukarabati ni kupiga rangi, kubadilisha taa iliyoungua, kukaza bolti na kuondoa kutu. Kuongeza mita 28 za chuma juu ya mnara wa kujisimamia, usio na nyaya za kuushikilia, ni ujenzi mpya uliokalia mgongo wa ujenzi wa zamani. Anayeelewa hesabu za miundo anajua kwamba nguvu inayotaka kuupindua mnara kwenye kitako chake haipandi sawa na urefu. Inapanda kwa mraba wa urefu. Tukichukulia kwamba upana wa mnara na kasi ya upepo havitabadilika, kutoka mita 42 hadi 70 nguvu hiyo inakaribia kuwa mara tatu. Na hapo bado hatujahesabu kwamba upepo wa juu una kasi kuliko wa chini, kwamba msukumo wake nao hupanda kwa mraba wa kasi, na kwamba antena mpya zitafungwa kileleni kabisa, mahali ambapo kila kilo na kila futi ya mraba ina madhara makubwa zaidi. Zege la msingi lilimwagwa kwa ajili ya mnara wa mita 42. Tumeuliza kama msingi huo umepimwa upya, kama kuna ripoti ya udongo, na kama michoro ina muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Jibu tulilopewa kwa mdomo ni kwamba "kwa ukarabati hayo hayahitajiki".

Wenye kudhani kwamba kazi ya kuimarisha mnara ni salama kwa sababu mnara tayari umesimama, watazame yaliyotokea kwingine. Tarehe 8 Agosti 1991 mnara wa redio wa Konstantynów nchini Poland, uliokuwa na urefu wa mita 646 na ndio uliokuwa mrefu kuliko vyote duniani, ulianguka. Hakukuwa na kimbunga wala tetemeko. Mafundi walikuwa wanabadilisha nyaya zilizoushikilia, kazi ambayo kwa lugha ya manispaa yetu ingeitwa ukarabati. Mwezi Aprili 2018, karibu na Fordland katika jimbo la Missouri, Marekani, mnara wa televisheni wenye urefu unaozidi mita 500 uliporomoka mafundi wakiwa juu yake wanabadilisha vyuma vya mshazari ili uweze kubeba antena mpya, na mmoja wao akafariki. Mnara hudhoofika zaidi wakati unapofunguliwa ili uimarishwe. Minara hiyo ilikuwa mirefu mno kuliko wetu, nakubali, lakini ilikuwa nje ya miji. Wetu una nyumba pande zote, na iliyo karibu zaidi iko umbali usiofika hata nusu ya urefu wa sasa wa mnara kutoka kwenye uzio.

Hapa najua atatokea mtu wa kuuliza kwa nini tulijenga karibu na mnara. Ulipojengwa, pale palikuwa mashamba. Viwanja vilipimwa baadaye na manispaa hiyo hiyo, ikaviuza, ikatoa vibali vya ujenzi wa nyumba, na hadi leo tunalipa kodi ya majengo. Kama eneo lile halikufaa kwa makazi, mpimaji wao ndiye wa kuulizwa.

Sheria haina giza. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamzuia mtu kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya wananchi kushirikishwa katika maamuzi yanayogusa mazingira yao. Kuna suala la anga pia. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambao Tanzania ni mwanachama wake, kinatofautisha vizuizi vilivyo chini ya mita 45 na vile vinavyozidi hapo: vifupi huweza kuwekewa taa za nguvu ndogo, lakini vinavyozidi mita 45 huhitaji taa za nguvu ya kati. Tazameni sasa namba zenyewe. Mnara wa mita 42 umekaa chini ya mstari huo, wa mita 70 unauvuka kwa mbali, na bado manispaa inasema hakuna kilichobadilika kiasi cha kuhitaji maombi mapya. Nilipouliza kama Mamlaka ya Usafiri wa Anga imeandikiwa, afisa aliyekuwa mezani alinijibu kwamba hilo ni suala la kampuni. Mwakilishi wa kampuni naye akanijibu kwamba hilo ni suala la manispaa.

Walinganisheni na wenzetu wa Uingereza. Tarehe 10 Agosti 2021 mnara wa Bilsdale, wenye urefu unaozidi mita 300, uliungua moto na mamia ya maelfu ya kaya za kaskazini mwa nchi hiyo zikabaki bila televisheni. Mnara wa muda wa mita 80 uliwashwa mwezi Oktoba mwaka huo huo, na bado wapo waliobaki gizani. Pamoja na shinikizo hilo lote, mnara wa kudumu uliojengwa mahali pa ule ulioungua, wenye urefu unaokaribiana nao, uliombewa ruhusa kamili kwa mamlaka ya hifadhi ya North York Moors, michoro ikawekwa wazi na watu wakatoa maoni yao. Kule waliomba ruhusa ya kurudisha kilichokuwepo. Huku mtu anaongeza mita 28 na kuambiwa aendelee kwa kuwa anakarabati.

Sasa nije kwenye kile wanachokiita kikao cha wananchi, maana hiki ndicho kilichonifanya nikose usingizi. Tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya kata badala ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu, na kikao kikapangwa asubuhi ya siku ya kazi. Waliofika walikuwa wachache, wakapewa soda na nauli, mwakilishi wa kampuni akaeleza kwamba picha za televisheni zitakuwa safi zaidi, watu wakapiga makofi, wakasaini karatasi ya mahudhurio na kuondoka. Hakuna aliyeambiwa habari ya mita 28. Karatasi hiyo ya mahudhurio ndiyo sasa iliyoambatanishwa kwenye maombi kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia! Mama mmoja jirani yangu, mtu mzima wa kuheshimika, jina lake limo, na siku ile alikuwa amekwenda kata kufuatilia barua ya utambulisho ili afungue akaunti benki. Aliambiwa asaini, akasaini. Mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye kwa kawaida haachi kusema neno msibani wala harusini, kwa suala hili amekuwa bubu.

Niwaombe pia wenzangu wa mtaani, kwa heshima, tuache kulipeleka suala hili kwenye mionzi peke yake. Kila tunapokwenda manispaa wapo wanaosimama na kusema kwamba mnara unaleta saratani na kuharibu mimba, na hapo ndipo maafisa wanapopata nafasi ya kutucheka. Mawimbi ya televisheni si ya aina ya eksirei. Viwango vya kimataifa vya usalama vipo. Kwa masafa ya megahezi 600, kwa mfano, kiwango cha juu kwa watu wa kawaida ni wati 3 kwa kila mita ya mraba, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inao wataalamu na vifaa vya kupima. Vipimo vifanyike kabla na baada ya antena mpya kuwashwa, matokeo yabandikwe mtaani, basi. Kupandisha antena kunaweza hata kupunguza mawimbi yanayofika chini ya mnara, ingawa hilo linategemea nguvu ya mtambo na namna antena zilivyoelekezwa, na habari hizo mbili nazo tumenyimwa. Hofu ya msingi kushindwa kubeba mnara ndiyo hofu yenye hesabu nyuma yake, na hiyo hakuna afisa anayeweza kuicheka.

Wakati tunaandikiana barua, vyuma vimeshaanza kuletwa. Vimepangwa ndani ya uzio, vimefunikwa turubai, na hakuna bango la mradi linaloonyesha mkandarasi ni nani, mshauri ni nani wala kibali ni namba ngapi. Mtu anayejenga chumba na sebule bila kibali mtaani kwetu huwekewa alama ya X nyekundu kabla hajafika kwenye lenta. Mlinzi wa pale, kijana mstaarabu ambaye hana kosa lolote, ameagizwa asituruhusu kupiga picha hata tukiwa barabarani.

Tunachokidai kinajulikana na tumekiandika. Maombi yarudishwe na yaletwe upya yakiwa na urefu halisi, uzito wa antena na ripoti ya msingi iliyosainiwa na mhandisi wa miundo. Tangazo libandikwe mtaani kwa Kiswahili, kikao kiwe siku ya mapumziko, na vyuma vile visipande hata kimoja kabla ya hapo. Nakala ya barua yetu inayofuata itakwenda kwa mkuu wa wilaya, kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ili asiwepo wa kusema hakuarifiwa.

Kama humu kuna mhandisi wa miundo aliyewahi kusimamia urefushaji wa mnara wa kujisimamia, namwomba aniambie ni nyaraka zipi hasa tuzidai kwa majina yake, maana tukiomba "ripoti" kwa ujumla tunapewa vipeperushi vya matangazo ya kampuni. Na kama yupo aliyepitia jambo kama hili kwenye manispaa yake na akafanikiwa kusimamisha kazi, aeleze alianzia ofisi gani. Wa kubeza nao wanakaribishwa, mradi waje na hesabu.